Elmu ya Wentworth: aina iliyohesabiwa kuwa imetoweka, kumbe miti miwili ilikuwa imesimama bustanini kwa malkia

Shina_Mzizi (mleta mada)

Wakuu, habari za humu. Mimi nafanya kazi za bustani hapa Scotland, na kuna habari moja ya mti ambayo nimetamani siku nyingi kuiandika kwa Kiswahili. Itakuwa ndefu, nitaiweka kwa mafungu. Wenye maswali waulize tu katikati.

Mti wenyewe ni elmu. Kwa ambao hawajawahi kuuona: ni mti mkubwa wa nchi za baridi, unapukutisha majani wakati wa kipupwe, na maua yake madogo hutoka kabla ya majani. Jani utalitambua pale linapoungana na kikonyo chake, upande mmoja umeshuka chini kuliko mwingine. Mbegu yake ni nyepesi, imezungukwa na utando kama karatasi, na upepo ndio unaoibeba. Kwetu elmu haioti porini, ingawa ndugu wa ukoo wake, Holoptelea grandis, yupo kwenye misitu ya Uganda na Kongo.

Sasa katika elmu za Ulaya kuna aina nyingi zilizochaguliwa na wenye vitalu kwa ajili ya bustani na barabara. Mojawapo ni Ulmus × hollandica 'Wentworthii Pendula', watu wanaiita elmu ya Wentworth. Ni chotara, matawi yake yanainama kuelekea chini, na majani yake ni makubwa yenye kung'aa. Mwaka 1890 ilikuwa tayari kwenye katalogi ya kitalu cha Späth cha Berlin, na haikuorodheshwa kama kitu kipya. Maana yake wauza miti walikuwa wakiijua kabla ya hapo.

Mwaka 1902 Bustani ya Kifalme ya Mimea ya Edinburgh ilipokea miche mitatu kutoka kwa Späth. Mmoja ulipandwa bustanini ukakua mpaka ukawa mti mkubwa. Ugonjwa wa elmu uliua mti huo mwaka 1996. Baada ya hapo aina hii ikahesabiwa kuwa imetoweka Uingereza.

Mwaka 2016, wakati miti ya mji ikikaguliwa, ikaonekana miwili. Haikuwa imejificha msituni wala kwenye kisiwa kisichofikika. Ilikuwa kwenye bustani ya Kasri la Holyroodhouse, makazi rasmi ya mfalme au malkia wa Uingereza anapokuwa Edinburgh. Kila mmoja una urefu wa karibu futi 100, yaani kama mita 30.

---

Mnazi_wa_Pangani

Mleta mada hapo umenichanganya. Mti wa mita 30, ulikuwa nyumbani kwa malkia, kuna watunza bustani wa kulipwa, watalii wanapita. Mtu hakuuona vipi?

---

Shina_Mzizi

Mkuu, watu waliuona sana. Walichokosa kujua ni aina gani. Kwao ilikuwa elmu kubwa, ikatunzwa kama elmu kubwa. Hapo ndipo penye kiini cha uzi huu wangu, naomba tukae hapo kidogo.

Max Coleman, mtaalamu wa mimea wa Bustani ya Edinburgh, alieleza walivyofikiria baada ya kuitambua. Rejesta ya Bustani inaonyesha miche mitatu iliingia. Inaonyesha mmoja tu ulipandwa pale. Hakuna mahali palipoandikwa miwili iliyobaki ilikwenda wapi. Sasa ukienda kilomita chache tu, unakuta miwili ya aina ileile, mikubwa kiasi cha kulingana na umri huo. Isitoshe, mkuu wa bustani ya kasri wa miaka ile, mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa amepata mafunzo yake palepale Bustani ya Mimea. Ukaribu wa sehemu hizi mbili ni wa zamani sana: Bustani ya Edinburgh ilianza mwaka 1670 kwenye kipande kidogo cha ardhi karibu kabisa na kasri hilo, kabla ya kuhamia Inverleith, eneo jingine la Edinburgh. Kwa hiyo dhana yenye nguvu ni kwamba ile miwili ndiyo iliyobaki katika mitatu ya Späth. Imekulia kwenye vyungu, kisha watu waliofahamiana wakapeana, na hakuna aliyeandika.

Mimi naiamini dhana hiyo, kwa sababu ndivyo tunavyofanya wote tunaoshika miche. Unampa mwenzako mche kwa mkono, mnaagana, basi. Kumpa ni jambo zuri. Lakini mstari mmoja kwenye daftari mwaka ule ungetosha, na mwaka 1996 mtu angejua aende kuangalia wapi.

Na si rejesta hiyo tu. Wataalamu wawili wakubwa wa miti Uingereza, Henry John Elwes na Augustine Henry, walitoa majuzuu saba kati ya 1906 na 1913 wakieleza miti ya Uingereza na Ireland kwa undani wa kushangaza. Elmu ya Wentworth hawakuitaja. Mti upo kwenye katalogi ya muuzaji wa Berlin, haupo kwenye vitabu vikubwa vya nchi ulikopandwa. Mti ukiwa hivyo, uhai wa jina lake unategemea kibao kimoja cha chuma na watu wawili watatu wanaokumbuka.

---

MkulimaMuheza

Nimefuatilia. Swali la kawaida tu: kama ni elmu na elmu zipo nyingi, kwa nini aina hii isirudishwe kwa kupanda mbegu za ile iliyobaki?

---

Shina_Mzizi

Swali zuri, na wewe wa Muheza utalielewa haraka kuliko wengi wa huku. Fikiria miche ya maembe ya kubebesha. Ukitaka Dodo uleule wa babu hupandi kokwa, unachukua kikonyo, yaani kitawi kichanga, kwenye mti wenyewe unakibebesha kwenye mche mwingine. Kokwa lingekupa embe jingine, pengine zuri, pengine la hovyo, ila si lile.

Elmu ya Wentworth ni hivyohivyo. Ni mti mmoja uliozaliwa mara moja, mtu akapenda jinsi matawi yake yanavyoinama, akaanza kuuzidisha kwa vikonyo. Kila elmu ya Wentworth iliyowahi kuishi ni kipande cha mti ule wa kwanza. Mbegu zake zitatoa elmu, lakini Wentworth hazitatoa. Kwa maana hiyo aina kama hii haiwezi kujiokoa yenyewe. Ikifika mahali hakuna mkono unaobebesha, imebaki kusubiri umri au ugonjwa.

Kuna elmu nyingine iliyoishi hivyo kwa muda mrefu zaidi, na ni ile iliyokuwa alama ya mashamba ya Uingereza, elmu ya Kiingereza. Mwaka 2004 watafiti wa Hispania wakiongozwa na Luis Gil walichapisha uchunguzi wa vinasaba vyake. Wakakuta miti yote ile ni mti mmoja. Wakaufuatilia mpaka enzi za Warumi: ni elmu ya Atinia, ambayo Columella, mwandishi wa kilimo mzaliwa wa Cádiz, aliwashauri wakulima waitumie kushikilia mizabibu. Mbegu zake karibu hazina faida, ila mizizi yake inatoa machipukizi kwa wingi. Ikasambaa nchi nzima kwa machipukizi na kwa mikono ya watu. Mamilioni ya miti, mwili mmoja. Ugonjwa ulipopata njia ya kuingia kwenye mmoja, ulikuwa umepata njia ya kuingia kwenye yote.

---

Bibi_Shamba_Arusha

Huo ugonjwa wenyewe ni upi mwanangu? Tueleze unavyoua.

---

Shina_Mzizi

Shikamoo bibi. Nitaeleza ninavyoujua, kwa sababu nimeshiriki kukata miti iliyokufa nao.

Ni kuvu. Inaishi ndani ya mishipa ya mti, ile inayopandisha maji kutoka mizizini. Mti ukihisi adui ameingia, unaziba mishipa hiyo ili asipite. Kuvu inakimbilia mbele, mti unazidi kuziba, mwisho mti unakauka kwa kiu ilhali ardhi ina maji. Dalili ya kwanza ni tawi moja kugeuka njano katikati ya kiangazi huku mengine yakiwa kijani. Ukikata kitawi chake utaona vidoadoa vya kahawia vimejipanga kama pete. Mti mkubwa unaweza kumalizika ndani ya msimu mmoja au miwili.

Kuvu peke yake haiendi mbali. Inabebwa na mbawakawa wadogo wa jenasi ya Scolytus. Jike hutaga chini ya gome la elmu iliyokufa au inayokufa. Watoto hukulia humo, na kama mti ulikuwa na ugonjwa, hutoka na vijimbegu vya kuvu mwilini. Kisha huruka kwenda kula kwenye mapanda ya vitawi vya elmu nzima, na pale wanapotafuna ndipo kuvu inapoingia. Njia ya pili ni chini ya ardhi: elmu zilizo jirani huungana mizizi, na kuvu hupita humo bila mdudu.

Mlipuko wa kwanza ulionekana Ulaya ya kaskazini magharibi miaka ya Vita Kuu ya Kwanza. Waliogundua kisababishi chake walikuwa wanasayansi wanawake wa Uholanzi, kwenye maabara ya Profesa Johanna Westerdijk. Bea Schwarz aliitenga kuvu hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu wazima wa fani wakambishia, halafu Christine Buisman akathibitisha kwamba Schwarz alikuwa sahihi. Buisman alifariki mwaka 1936 akiwa bado kijana, na elmu ya kwanza yenye uvumilivu iliyotolewa na Waholanzi ikapewa jina lake. Natamani majina haya matatu yangejulikana na kila mwanafunzi wa kilimo.

Uingereza ilifikiwa mwaka 1927, ikapoteza miti mingi, kisha hali ikatulia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikaja kuvu ya pili, kali zaidi, Ophiostoma novo-ulmi, ndani ya magogo ya elmu yaliyoletwa kutoka Kanada yakiwa na magome yake. Hiyo imeua zaidi ya elmu milioni 25 Uingereza. Magogo yenye gome, bibi. Yangemenywa kabla ya kupakiwa melini, mdudu asingekuwa na mahali pa kukaa.

---

Bibi_Shamba_Arusha

Marahaba. Mungu akubariki kwa kueleza kwa utulivu.

---

Kisiki_Mkavu

Mimi nipingane kidogo na mleta mada, kwa heshima. Milioni 25 zimekufa. Leo kuna elmu zinazovumilia ugonjwa. Kwa nini mtu ahangaike na aina moja ya mapambo ambayo hata haina kinga? Hela na muda vingekwenda kwenye miti inayoweza kuishi.

---

Shina_Mzizi

Mkuu Kisiki, sehemu ya hoja yako nakubaliana nayo kabisa. Wentworth haina kinga, na ushahidi ni rahisi: ule wa Bustani ya Mimea, ambao ni mwili uleule mmoja na hii ya kasri, uliuawa na ugonjwa mwaka 1996. Hii miwili haikupona kwa nguvu zake. Imepona kwa sababu Halmashauri ya Jiji la Edinburgh tangu miaka ya 1980 inakagua elmu na kuondoa zilizougua kabla mbawakawa hawajatoka. Kazi hiyo imeacha elmu elfu kadhaa zikiwa hai mjini humu. Bila wale wakaguzi wanaotembea mitaani kila kiangazi wakitazama juu, leo hakuna ambaye angekuwa na kitu cha kutambua Holyrood.

Kwa hiyo sisemi tupande Wentworth kwenye kila barabara. Barabarani pandeni zile za uvumilivu, kama 'Lutèce' ya Ufaransa au 'Valley Forge' iliyotolewa Marekani mwaka 1995. Ninachosema ni kidogo na cha bei nafuu: chukua vikonyo vya miti hii miwili, tengeneza miche michache, isambaze sehemu zilizo mbali na zinazolindwa. Brighton ni sehemu mojawapo. Vilima upande mmoja na bahari upande mwingine vimepunguza kasi ya mbawakawa, na mji wenyewe umepigana kwelikweli, ndiyo maana mkusanyiko wa kitaifa wa elmu uko kule. Hata hivyo mwaka 2019 walilazimika kukata mmoja wa elmu wawili pacha wa Preston Park, uliokuwa na umri wa karne nne hivi. Sehemu salama kabisa haipo Uingereza.

Na kuhusu thamani: elmu si pambo tu. Kuna kipepeo mdogo ambaye viwavi wake hula elmu peke yake. Elmu zilipokwisha naye akapungua. Mwaka 2017 alionekana Scotland baada ya zaidi ya miaka 130. Kila elmu iliyokomaa ikibaki, huyu ana pa kutaga.

---

Afisa_Misitu_Kusini

Naomba nichangie kutoka huku Lindi. Mnayosema yanafanana na habari ya mti wetu, Karomia gigas. Ulipatikana pwani ya Kenya mwaka 1977, mti ukakatwa, watu wakaona umekwisha. Baadaye ukapatikana kwetu Tanzania, ukapotea tena machoni, mpaka 2011 ulipoonekana maeneo ya Kilwa. Nao ni mti mrefu, si kichaka cha kufichika. Wanakijiji wa jirani wanaupita kila siku.

---

Shina_Mzizi

Asante sana afisa, huo mti nauheshimu. Nitofautishe kitu kimoja tu, kwa faida ya wasomaji. Karomia ni spishi ya porini. Ukilinda msitu wake na mbegu zikiota, ina njia ya kuendelea bila sisi. Wentworth haina pori la kurudi. Kwake hifadhi ni kisu cha kubebeshea, kibao chenye jina na daftari linalosema kila mche umekwenda wapi. Lakini kwenye sababu ya kupotea umesema kweli: macho yaliyouona hayakukutana na macho yaliyolijua jina.

---

Mpiga_Picha_Berlin

Nipo Berlin, karibu na Baumschulenweg. Sikujua kitongoji hiki kilipata jina kutokana na hicho kitalu cha Späth! Je, inawezekana huku kuna Wentworth nyingine imebaki?

---

Shina_Mzizi

Umekaa mahali penyewe mkuu. Späth ilianza mwaka 1720, na mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa miongoni mwa vitalu vikubwa kabisa duniani. Mmiliki wa mwisho wa ukoo huo, Hellmut Späth, aliuawa na Wanazi kambini Sachsenhausen mwaka 1945, na kampuni ikanyang'anywa ukoo.

Kuhusu swali lako: miti yao iliuzwa mbali, na kila aliyenunua Wentworth angeweza kuacha mti. Ugonjwa umepita Ulaya nzima, lakini umeacha mapengo. Mimi ningeangalia bustani za zamani za majumba makubwa, makaburi ya karne ya 19, mbuga za miji. Na kuna Australia, ambako ugonjwa huu haujafika mpaka leo. Melbourne ina barabara ndefu za elmu za zamani kutoka Ulaya. Nyuzilandi hawakuwa na bahati hiyo, uliingia Auckland mwaka 1989.

---

Mpiga_Picha_Berlin

Basi nikikutana na elmu kubwa yenye matawi ya kuinama, nifanye nini ili iwe na faida?

---

Shina_Mzizi

Piga picha ya mti mzima kutoka mbali, ili umbo la matawi lionekane. Piga gome kwa karibu. Kisha majani, na hapa uwe makini: usichukue majani ya ncha za matawi marefu yanayokimbia, wala ya machipukizi ya chini, kwa sababu yanadanganya, hata wataalamu huyakwepa. Tafuta vitawi vifupi vya pembeni, katikati ya kiangazi, piga pande zote mbili za jani na kitako chake, ukiweka rula kando. Andika tarehe na mahali kwa usahihi kiasi kwamba mtu mwingine ataufikia mti uleule bila wewe.

Kaulize pia kama bustani hiyo ina daftari la zamani la miti iliyonunuliwa. Umbo la kuinama lipo kwa elmu nyingine nyingi, kwa mfano 'Camperdownii', na hiyo utaikuta kila mahali, ni fupi, kichwa chake kama mwavuli. Kwa hiyo picha peke yake huenda isitoshe. Picha ikikutana na mstari wa daftari unaotaja Späth, hapo una jambo la kupeleka kwa bustani ya mimea iliyo karibu nawe.

Na jambo moja nakuomba ulizingatie kuliko yote: usikate tawi na kulisafirisha. Hata kuni za elmu zenye gome usizihamishe kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine. Kama mti unaonekana kuugua, wajulishe wenye bustani siku hiyohiyo. Vikonyo wachukue wao, kwa ruhusa na kwa vifaa safi.